MUNGU ALIMWONYESHA AYUBU WANYAMA

Masomo: Ayubu 38:39 mpaka 39:30, Zaburi ya 104, Luka 12:6



Kitabu cha Ayubu sisi Wakristo hukifungua zaidi penye msiba. Tena hukifungua nusu nusu: tunasoma sura mbili za mwanzo, tunaruka katikati yote, tunakwenda mwisho ambapo mzee yule anarudishiwa mali. Katikati tunapaacha kwa sababu maneno ni mengi na marafiki wa Ayubu wanachosha. Lakini jibu la Mungu limo humo tunamoruka, na ni jibu la ajabu, wala hatujapata kusikia likihubiriwa katika matanga ya huku kwetu.

Tukumbuke kwanza Ayubu alikuwa amepoteza nini. Sura ya kwanza inahesabu kama mtu ahesabuye zizi: kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe, punda 500. Kisha watoto wake 10, wote siku moja, nyumba ikiwaangukia. Sisi wafugaji wa Maretadu hatuhitaji kuelezwa hesabu hiyo. Basi Ayubu akauliza kwa nini. Akauliza tena na tena, marafiki wakamjibu kwa mahubiri, na mahubiri yao hayakumfaa. Mwishowe Mungu mwenyewe akasema naye katika upepo wa kisulisuli.

Mungu hakumweleza sababu. Alimwonyesha wanyama.

Alimwonyesha simba mwenye njaa, na makinda ya kunguru yanayolia. Akamwuliza kama ajua mbuzi wa mwitu huzaa lini, na kama amepata kuzihesabu siku za mimba yao. Akamwonyesha punda-mwitu asiyekubali mji wala mnyapara, na nyati asiyekubali kulala penye hori la mtu, na mbuni anayeacha mayai yake mchangani kama mjinga lakini akikimbia farasi hampati. Mwewe naye, na tai juu ya mwamba. Ukimtoa farasi wa vita, hakuna hata mmoja kati ya hao aliyewahi kukamuliwa au kufungwa jembe. Mtu aliyefilisika ng'ombe na punda anaonyeshwa punda asiye na mwenyewe na nyati asiyelimishwa. Hamwoni kwamba jambo hili ni gumu? Kama sisi ndio tungekuwa wafariji, tungemwonyesha ng'ombe mpya.

Twaandika haya kwa sababu halmashauri ya kanisa letu imeombwa tena kuwapeleka vijana wa kipaimara kwenye Hifadhi ya Ziwa Manyara, kama tulivyofanya mwaka jana, na safari hii maneno yamekuwa mengi. Mzee mmoja amesema kuwa wanyama ni kazi ya Wazungu, na sisi kazi yetu ni paa la kanisa. Hilo ni neno la haki. Paa linavuja, sote twaliona. Mwingine, mama wa makamo, amesema jambo zito zaidi. Ameuliza, watu waliozika ndugu zao Katesh wakiona tunachangisha fedha ili watoto wakapige picha za twiga, watatuonaje?

Hatutaki kumjibu mama huyu haraka haraka. Siku ile ilikuwa tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, siku ambayo Kanisa linaanza mwaka wake. Mvua ilikuwa imenyesha sana, na sehemu ya Mlima Hanang ikaporomoka, tope na mawe na miti mizima vikashuka juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani watu wakiwa majumbani mwao. Waliokufa walizidi 80. Katika wilaya zetu hizi mbili, Mbulu na Hanang, ni nani asiye na jamaa upande ule? Kwa hiyo swali la mama ni swali la Ayubu hasa, na ndiyo sababu tumeona tulitafutie jibu mahali pale pale Ayubu alipopewa lake.

Tuanze na hilo la kwamba wanyama ni kazi ya Wazungu. Wazee wa huku wanakumbuka wenyewe, au walisimuliwa na baba zao, jinsi nyika za upande huu wa Mbulu zilivyokuwa na mbung'o na wanyama, na jinsi vichaka vilivyofyekwa watu wakashuka na ng'ombe zao na majembe yao. Ilikuwa lazima, maana watu waliongezeka. Bado ukishuka bonde la Yaeda unawakuta ndugu zetu Wahadzabe, ambao hawana haja ya mtu kuwafundisha kumtazama mnyama. Wao huisoma nyayo kama sisi tusomavyo gazeti, na ndege anayeongoza watu kwenye asali humwita kwa mluzi naye akawaitikia. Lakini mtoto wa Maretadu wa leo anamjua nani? Anamjua fisi kwa sauti, usiku. Anamjua tumbili kwa sababu ya mahindi. Wengine anawajua kwa noti: simba yuko kwenye noti ya shilingi 2,000, kifaru kwenye 5,000, na tembo kwenye 10,000, ambayo, kama mjuavyo, haikai mkononi muda mrefu wa kutosha kumtazama tembo vizuri.

Sasa tuseme juu ya picha. Wako wanaodhani kupiga picha za wanyama ni mchezo wa watalii tu. Historia yake ni ndefu kuliko hivyo, na sehemu kubwa ilifanyika katika nchi yetu hii. Zamani za Wadachi alikuja mtu aitwaye Carl Georg Schillings. Alikuja na bunduki, akawapiga wanyama wengi sana, lakini alikuja pia na kamera na vioo vya picha vilivyobebwa na wapagazi kichwani, na baruti ya kumulika gizani. Alimfunga ng'ombe au punda kwenye kichaka usiku, simba akija mwako unamulika, na picha inapatikana. Mwaka 1905 alichapa kitabu huko Ujerumani, jina lake Mit Blitzlicht und Büchse, yaani mwako wa taa pamoja na bunduki. Jina lenyewe linaonyesha mtu aliyesimama katikati ya njia mbili. Kabla ya hapo watu wa Ulaya walikuwa wamezoea kumwona simba wa Afrika akiwa amechorwa, au amekufa na mwindaji amemwekea mguu juu.

Kisha mnajua habari za Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, waliowahesabu wanyama wa Serengeti kutoka katika ndege ndogo iliyopakwa rangi za pundamilia, na kuwapiga picha za sinema. Michael alikufa tarehe 10 Januari 1959, ndege yake ilipogongana na tai mzoga, na kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Baba yake aliimaliza ile sinema.

Lakini habari tunayoipenda kupita zote ni ya hapa jirani, Manyara. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1960. Miaka michache baadaye kijana mmoja mwanasayansi, Iain Douglas-Hamilton, alikuja kuwachunguza tembo wake. Alifanya kazi ambayo kila mwalimu wa darasa la kwanza ataielewa. Alimpiga picha kila tembo usoni, akaangalia sikio limechanika wapi, lina matundu mangapi, pembe ipi ni fupi, akaandika jina, mpaka akawafahamu tembo kwa mamia, mmoja mmoja, huyu mama wa yule, yule dada wa huyu. Tuliofundisha tunajua kwamba siku ya kwanza darasa ni kundi la vichwa tu. Baada ya mwezi hakuna kundi tena. Kuna mtoto huyu na mtoto huyu. Vivyo hivyo baada ya picha zile hapakuwa tena na "tembo wa Manyara" kwa jumla. Na walipokuja majangili na pembe zikaanza kutoka, ilijulikana ni nani hakuonekana tena mtoni.

Siku hizi wataalamu katika nchi ya Tarangire na Manyara wanafanya hivyo kwa twiga. Madoa ya twiga hayafanani kwa wawili, kama alama za vidole vyetu, wala hayabadiliki tangu azaliwe mpaka afe. Wanampiga picha ubavuni, mashine inalinganisha madoa, na twiga zaidi ya 1,000 wamekwisha kutambuliwa hivyo. Mwaka 2018 walitangaza kuwa ndama hurithi namna fulani za madoa kutoka kwa mama yake. Tena miaka ile ya 2015 na 2016 alipigwa picha Tarangire twiga jike karibu mweupe mwili mzima, waongoza watalii wakampa jina Omo, kwa sababu ya sabuni. Watu walihofu kuwa wenzake watamfukuza. Hawakumfukuza, alionekana akila pamoja nao.

Bwana wetu alisema juu ya shomoro kwamba ingawa bei yao ni ndogo sana sokoni, hakuna hata mmoja wao anayesahauliwa mbele za Mungu. Tumezoea kulisikia neno hilo kama faraja yetu sisi, na ni faraja yetu kweli. Ila lisomeni tena, mtaona kwamba kabla halijawa habari yetu ni habari ya shomoro. Mungu anawajua mmoja mmoja. Yule mtu wa Manyara na daftari lake la masikio alikuwa akijifunza, baada ya jasho la miaka, herufi za kwanza za jambo ambalo Mungu analijua bila daftari.

Hatusemi kwamba kila mwenye kamera ni mtu mwema. Tumeona kwa macho yetu magari ya watalii yakimzunguka simba mmoja kama nzi penye kidonda, kila mmoja akitaka apate yeye. Mtu anapata picha, anasema "twende", hata hajamwona mnyama. Alichokiona ni picha yake. Huko bado ni kuwinda, na nyara inaning'inizwa ukutani vile vile. Nao vijana wetu mwaka jana walianza hivyo hivyo. Tulipofika kwa twiga wa kwanza, kila mwenye simu alimgeuzia twiga kisogo ili ajipige yeye mwenyewe. Twiga yuko nyuma, kijana yuko mbele anacheka. Tukasema moyoni, Ayubu naye angefanya hivi, asingesikia neno.

Basi tuliwaomba waweke simu mifukoni. Tulikuwa tumetoka Maretadu usiku, tukapita Dongobesh na Mbulu mpaka Karatu, tukateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu, na gari lilikuwa la kukodi. Dereva alitaka kukimbia aone simba wapandao miti, ambao hifadhi ile inasifika kwao. (Simba hao hatukuwaona. Hatukulipia ahadi.) Tukamwambia asimame, azime injini. Tukawapa vijana nusu saa na twiga watano, kila mmoja achague wake, atazame, aandike ni kitu gani anacho ambacho wale wanne hawana. Ndipo baadaye wangeruhusiwa kupiga picha moja, moja tu.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa ngumu, kama kipindi cha hesabu baada ya chakula. Kisha wakaanza kunong'ona. Huyu ana doa kama jani la mhogo juu ya goti. Yule sikio lake limekatika ncha. Mwingine ndege wadogo wenye midomo myekundu wamemng'ang'ania shingoni wanakula kupe, naye amefumba macho kama mtu anayesukwa nywele. Kijana mmoja akauliza mimba yake ni miezi mingapi. Tukamwambia ni miezi 15, na kwamba mama huzaa amesimama, ndama anaanguka kutoka juu zaidi ya kimo cha mtu, na kabla ya saa moja kwisha mara nyingi amekwisha kusimama. Yaani alikuwa ameuliza swali lile lile ambalo Mungu alimwuliza Ayubu juu ya mbuzi wa mwitu. Hakuwa amesoma sura hiyo bado.

Pamoja nasi walikuja akina mama watatu kwa ajili ya chakula. Mmoja wao alizika watu wa nyumba ya dada yake kule chini ya Hanang. Hatumtaji, mnamjua. Muda wote ule alikuwa amekaa kiti cha mbele hasemi, anawatazama twiga kama watu wengine. Tulipokuwa tunakula chini ya miti akasema, polepole, bila kulia, "Hawa hawajui kwamba tumefiwa." Tukadhani anasikitika. Akaongeza kwamba tangu Desemba ile kila mtu anayekutana naye ama anampa pole, ama anaogopa kumpa pole, na kwamba ile asubuhi ndiyo ya kwanza kukaa mbele ya viumbe ambao hawakumtaka lolote. Alisema amepumzika.

Hatujui kama Ayubu alijisikia hivyo. Lakini tangu siku hiyo tunaisoma sura ya 39 kwa namna nyingine. Zamani tulipokuwa tukiifundisha chuoni tuliwaambia wanachuo kuwa Mungu anamnyamazisha Ayubu kwa ukuu wake, ndiyo maana anataja wanyama wakali. Yamo hayo. Lakini anayetaka kumnyamazisha mtu kwa ukuu hatamwelezea jinsi mbuzi anavyoinama kuzaa porini, wala makinda ya kunguru yanavyotangatanga kwa kukosa chakula. Hayo humwambii adui. Ni kama baba anayemshika mkono mtu wa nyumbani mwake aliyevunjika moyo, akamtoa nje ya kile chumba cha msiba, akamwonyesha mambo yake anayoyapenda na ambayo hajapata kumwonyesha mtu. Watoto wa Ayubu hawatajwi. Majivu bado yapo. Ila ulimwengu ni mpana kuliko majivu, na mwenye ulimwengu huo amekuja mwenyewe kusema.

Tuna neno kwa wale wenye mashamba karibu na msitu wa Marang. Ninyi tembo mnawajua bila picha, na hatuwezi kuwaambia mkae mtazame uzuri wao wakati mahindi ya mwaka mzima yamelala chini. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mashamba, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, na wengi wenu mnasema kiasi chake hakifikii thamani ya kilicholiwa. Neno la Mungu halifichi jambo hili. Katika Zaburi ya 104 usiku umepewa simba atafute chakula chake kwa Mungu, na mchana umepewa mtu aende kazini mpaka jioni. Kila mmoja ana zamu yake, na kelele hutokea zamu zikigongana. Mwenye kulinda shamba lake kwa ngoma, kwa moto na kwa pilipili hafanyi dhambi. Lakini kumbukeni hesabu: tembo wa Tanzania walikuwa kama 109,000 mwaka 2009, na mwaka 2014 walikuwa wamebaki kama 43,000. Miaka mitano tu. Hao hawakuuawa na wakulima wanaolinda mahindi.

Na hapa lazima tuguse jambo ambalo litawaudhi wengine. Nyama isiyotajwa jina inapitishwa milangoni jioni, katika mifuko, na sisi Wakristo tunainunua kwa sababu ni rahisi. Mara nyingine ni ya twiga. Kumwua twiga ni kosa kwa sheria ya nchi, naye ni mnyama wetu wa taifa. Tena umepata kuenea uvumi kuwa ubongo na uboho wake hutibu UKIMWI. Hautibu. Dawa ziko hospitali, tena ni bure, na mgonjwa anayeziacha ili anywe supu ya twiga anajiua mwenyewe pamoja na twiga. Vijana waliokwenda Manyara mwaka jana wameanza kuuliza mezani nyama hii ni ya nini. Wazazi wawili wamekuja kutulalamikia kwamba tumewaharibu watoto wao. Malalamiko hayo tumeyapokea kwa furaha.

Kuhusu paa, halmashauri imekubali kwamba mfuko wake usiguswe hata senti. Fedha ya safari itatoka kwa wazazi wenyewe, na kwa mauzo ya maharage ya akina mama wa Umoja, ambao wameamua hivyo bila kuombwa. Kiingilio cha raia ni kidogo sana kuliko cha mgeni, gharama kubwa ni gari. Kamera iko moja, ile ya zamani ya mwinjilisti, nayo itazunguka mkono kwa mkono. Kila kijana aje na daftari, penseli na chakula cha mchana. Wale waliofiwa Katesh, wakubwa kwa wadogo, wawe wa usharika wetu au wa Walutheri na Wakatoliki, viti sita vimewekwa kwa ajili yao bila malipo. Majina yapelekwe kwa katibu kabla ya Jumapili ya tatu ya mwezi ujao. Usiku wa kuamkia safari tutasoma pamoja sura za 38 na 39 kanisani, kwa taa, tangu saa moja.